Ogelea, Endesha, Kimbia: Mbio Tatu kwa Mpigo

Leo tuanze na ubishi wa kijiweni. Nani ana stamina kuliko wote: mkimbiaji, mwendesha baiskeli au mwogeleaji? Bila shaka kila mtu atavutia kwake. Mkimbiaji atasema baiskeli inambeba mtu. Mwendesha baiskeli atasema kukimbia ni kujichosha bure. Mwogeleaji atawaambia wote wawili, "Njooni majini tuonane."

Ubishi wa namna hiyo ulizuka kisiwani Oahu, Hawaii, mwaka 1977. Wale jamaa hawakuishia kwenye maneno. Waliunganisha mbio zote tatu zikawa moja. Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 waliingia baharini, wakatoka, wakapanda baiskeli, kisha wakakimbia marathoni nzima. Waliomaliza ni 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Hata hivyo, hawakuwa wa kwanza kabisa kuchanganya michezo hiyo. Mwaka 1974 watu wa San Diego, Marekani, walikwisha kufanya mbio kama hizo, ila zilikuwa fupi.

Mchezo huo unaitwa triathloni. Uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney, na mshindi wa kwanza kabisa alikuwa mwanamke, Brigitte McMahon wa Uswisi. Kwetu Afrika Mashariki nako haukukosa. Agosti 2022 mji wa Rubavu nchini Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, ulikuwa mwenyeji wa mbio ndefu za Ironman 70.3. Hapo mtu anaogelea kilomita 1.9, anaendesha kilomita 90 na kumalizia na nusu marathoni.

Usishtuke. Zipo fupi pia, na ndizo ninazotaka tuzizungumze. Triathloni fupi ni kuogelea mita 750, kuendesha baiskeli kilomita 20 na kukimbia kilomita 5. Mita 750 ni sawa na kulivuka bwawa la mita 50 mara 15. Kilomita 5 ni mizunguko 12 na nusu ya uwanja wa mita 400. Kijana mwenye afya anaweza kujiandaa akamaliza. Lakini kuna sharti moja ambalo halina mjadala: awe anajua kuogelea.

Hapo ndipo penye kazi. Nikiingia madarasani Temeke na Kinondoni nikauliza nani anajua kuogelea, mikono inayoinuka ni michache, na ya wasichana ni michache zaidi. Na hapo tuko Dar es Salaam, bahari tunaisikia harufu! Kwa hiyo leo nitawapitisha katika mbio moja fupi niliyoshiriki mwenyewe, hatua kwa hatua, ili muone kinachotokea mwilini. Njiani tutajifunza mambo yanayookoa maisha, hata kama hutashindana kamwe.

MAJINI: ADUI WA KWANZA NI MCHECHETO

Mbio zetu zilifanyika Kigamboni, asubuhi saa 1, kabla jua halijawa kali. Hazikuwa za kitaifa wala za zawadi kubwa. Ni vijana na walimu wa kuogelea walioamua kujipima. Tulikuwa 31. Waandaaji walichagua kipindi cha maji mafu, wakati ambapo bahari haijai wala kupwa kwa nguvu kama siku za bamvua. Tuliogelea sambamba na ufuko, si kuelekea mbali. Ngalawa mbili zilitufuata, kila moja ina mwokoaji na madumu matupu yaliyofungwa kamba.

Filimbi ikalia. Watu 31 wakaingia kwa pamoja, mikono na miguu kila upande. Mtu akanipiga kiwiko, mwingine akanipita juu. Ndani ya dakika moja moyo ulikuwa unadunda kama ngoma na pumzi zimekuwa fupi fupi. Na mimi naogelea vizuri tu bwawani! Mwalimu wangu, kijana mzaliwa wa Kigamboni aliyekuwa kwenye ngalawa, akaniona.

"Puliza, dada! Pulizia majini!"

Nikalala chali, nikaelea, nikahesabu pumzi kumi. Kisha nikageuka nikaendelea taratibu.

Ni nini kilichotokea? Mtu akiwa na hofu anavuta hewa haraka haraka bila kuitoa yote. Mapafu yanajaa hewa iliyokwisha kutumika, na mwili unadai hewa nyingine. Unajisikia kama unakosa pumzi, kumbe tatizo ni kwamba hujatoa ya zamani. Dawa yake ni kutoa pumzi pole pole uso ukiwa majini, kisha kuvuta nyingine unapogeuza kichwa. Ukizidiwa, lala chali. Mapafu yenye hewa ni boya lako la asili.

Msidhani nakuza mambo. Watafiti nchini Marekani walichunguza vifo na matukio ya moyo kusimama ghafla katika triathloni kuanzia mwaka 1985 hadi 2016. Kati ya washiriki zaidi ya milioni 9 walikuta matukio 135, na 90 kati ya hayo yalitokea wakati wa kuogelea. Wengi wa waliopatwa walikuwa wanaume, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 47 hivi. Kwa hiyo si mchezo wa kuogopwa na vijana. Ila ujumbe uko wazi: ukichoka barabarani unakaa chini, lakini majini hakuna pa kukaa.

Sasa tuache mashindano kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani kote mwaka 2021. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 14, kuzama ni cha tatu kati ya vitu vinavyoua zaidi. Sisi Watanzania hatuhitaji kukumbushwa. Tunaijua MV Bukoba ya mwaka 1996, MV Spice Islander ya mwaka 2011 na MV Nyerere ya mwaka 2018. Lakini wengine hawafi kwenye meli. Wanafia kwenye shimo la mchanga lililojaa maji ya mvua, kisimani, mtoni, au ufukweni siku ya sikukuu wakati kila mtu yuko kwenye mishikaki.

Na kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: anayezama mara nyingi hapigi kelele. Sinema zinatudanganya. Mdomo uko majini, hawezi kuita, na mikono inakandamiza maji badala ya kupunga. Kwa mtu wa pembeni anaonekana kama anacheza.

UKIMWONA MTU ANAZAMA

1. Piga kelele, ita watu wazima na wavuvi walio karibu.

2. Usijitose kama hujafunzwa uokoaji. Anayezama atakukumbatia, na mtazama wote wawili. Mara nyingi maji yamechukua ndugu wawili kwa mtindo huo.

3. Lala chini ukingoni umnyooshee fimbo, mti au kanga. Kama yuko mbali, mrushie kitu kinachoelea. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko linatosha kabisa kumshikilia mtu.

4. Akishatolewa, kama hapumui, mlaze chali kwenye sehemu ngumu. Inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi mdomoni mara 5. Kisha kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, pumzi 2, tena 30, tena 2, mpaka apumue au msaada ufike.

5. Usimning'inize kichwa chini wala kumminya tumbo ili "maji yatoke". Unapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Anachokosa ni hewa.

6. Hata akizinduka na kusema yuko poa, apelekwe hospitali. Mapafu yanaweza kuleta matatizo saa kadhaa baadaye.

MAJI YENYEWE YAKOJE?

Julai 2024 huko Paris, triathloni ya wanaume ya Olimpiki iliahirishwa kutoka tarehe 30 hadi 31. Sababu? Mvua ilinyesha, maji machafu yakaingia mto Seine, na vipimo vikaonyesha vijidudu vya kinyesi vimezidi. Kama Olimpiki inasimama kwa ajili ya maji machafu, wewe ni nani uruke mto Msimbazi baada ya masika?

Kanuni ni rahisi. Mvua kubwa ikinyesha, usiogelee kwa siku mbili tatu karibu na mdomo wa mto au mfereji. Usimeze maji. Mabwawa, madimbwi na mito ya maji baridi yana hatari nyingine: kichocho. Konokono wadogo wanaishi humo, na viluwiluwi vya kichocho vinavyotoka kwao vinapenya kwenye ngozi bila wewe kuhisi. Baadaye unakojoa mkojo wenye damu. Kuna vijana wa kiume wanaodhani hiyo ni dalili ya kukua! Siyo. Ni ugonjwa, na unatibika kwa vidonge vya prazikwanteli. Ukiona damu kwenye mkojo nenda zahanati, usione aibu. Maji ya bahari yenye chumvi hayana kichocho.

KITUO CHA KUBADILISHIA

Nilitoka majini kwa dakika 24. Nilikuwa wa 26 kati ya 31, na nilikuwa na furaha kama niliyeshinda. Ukisimama baada ya kuogelea, kichwa kinazunguka. Kwa muda mrefu ulikuwa umelala, damu imezoea hali hiyo. Ukisimama ghafla inashuka miguuni. Ndiyo maana tulifundishwa kupiga miguu kwa nguvu katika mita 50 za mwisho, kuamsha damu, kisha kutembea hatua chache kabla ya kukimbia.

Kituoni kila mtu amepanga vitu vyake kwenye kanga au taulo: helmeti, viatu, chupa ya maji. Sheria ya mchezo huu inasema helmeti inavaliwa na kufungwa kabla hujaigusa baiskeli. Mimi naipenda sheria hiyo. Laiti ingekuwa sheria ya mtaani kwetu! Mimi nilitumia dakika 4 hapo kufuta mchanga na kuvaa. Wenzangu wanaojua walitumia moja.

BARABARANI: SI LAZIMA BAIKI YA MILIONI

Baiskeli yangu ilikuwa ya kuazima, ya chuma, nzito, yenye gia tatu zinazofanya kazi kati ya sita. Niliwapita watu watatu wenye baiskeli za bei mbaya. Wao pia walinipita, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kinachohitajika ni baiskeli nzima. Breki mbili zishike. Tairi ziwe na upepo wa kutosha. Cheni iwe na mafuta. Kiti kiwe kwenye urefu sahihi: ukikaa na pedeli ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Kiti kikiwa chini sana, magoti yatakulilia kesho yake. Mpelekee fundi wa mtaani, kazi ya nusu saa.

Kule kwenye mbio barabara ilikuwa na walinzi kila kona. Kwenye mazoezi hautakuwa na bahati hiyo. Kama unakaa Mbagala, Tandika au Tandale unajua hali ilivyo: daladala inakata kushoto bila taarifa, bodaboda zinakuja upande usio wake, malori ya mchanga hayana habari na wewe. Kwa hiyo fanya mazoezi alfajiri kukishapambazuka, si gizani. Vaa nguo ya rangi inayoonekana. Kaa kushoto, mmoja nyuma ya mwenzake. Usishike lori ili likuvute. Usiweke muziki masikioni, kwa sababu masikio ndiyo macho yako ya nyuma. Na usiingie kwenye njia ya mwendokasi hata kama iko tupu na inakuvutia vipi.

Kwenye baiskeli ndipo unapokunywa na kula kidogo, kwa kuwa tumbo limetulia. Mbio fupi kama hizi zinachukua saa moja na nusu hadi mbili. Maji ya kutosha na ndizi moja au chungwa vinafaa. Kunywa ukisikia kiu, kidogo kidogo. Usijilazimishe kunywa lita nyingi. Maji yakizidi sana mwilini yanapunguza nguvu ya chumvi kwenye damu, na hilo nalo linaweza kuua. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini nyingi havina kazi hapa. Vinapandisha mapigo ya moyo ambayo tayari yako juu.

MIGUU YA MBAO

Dakika 57 baadaye nikashuka kwenye baiskeli, nikaanza kukimbia. Jamani! Miguu ilikuwa kama si yangu. Kila aliyewahi kucheza triathloni atakusimulia hali hii. Kwa karibu saa nzima mishipa ya fahamu imekuwa ikiiamuru misuli izunguke, mgongo umeinama, uzito umekaa kwenye kiti. Sasa ghafla unataka misuli ibebe mwili mzima na kuruka. Inachukua dakika kadhaa mpaka iipate kazi mpya. Ukiijua hali hii hutaogopa. Piga hatua fupi fupi, za haraka, usilazimishe mwendo. Baada ya kilomita moja hivi miguu inarudi kwa mwenyewe.

Hapa pia ndipo watu wanapolipa deni la pupa. Katika fainali ya wanaume ya Paris, Hayden Wilde wa New Zealand aliongoza sehemu kubwa ya mbio za miguu. Alex Yee wa Uingereza hakupaniki. Akatunza alichonacho na kumpita zikiwa zimebaki mita mia kadhaa tu, akashinda kwa sekunde 6. Na Alphonce Simbu wetu? Septemba 2025 huko Tokyo alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sekunde 0.03! Baada ya kilomita 42, anayejua kujipima ndiye aliyebaki na mbio za mwisho.

Wewe utajipimaje bila saa ya kisasa? Jaribu kuongea. Ukiweza kusema sentensi nzima, mwendo ni wa kawaida. Ukiweza maneno matatu manne tu, uko kasi. Ukishindwa hata kutaja jina lako, punguza.

Na jua la Dar si la kuchezea. Zijue dalili za joto kuzidi mwilini: kichwa kuuma, kichefuchefu, kuyumba, kuongea maneno yasiyoeleweka. Mwenzako akifika hapo, mbio zimekwisha. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea, kisha hospitali. Usisubiri eti apumzike kwanza.

Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 2. Sikuwa wa mwisho. Na huyo wa mwisho alishangiliwa kuliko wote.

MASWALI YENU

Haya nimeyaokota kwenye visanduku vya maswali mashuleni. Hatutaji majina.

Je, kuendesha baiskeli kunamtoa msichana bikira?

Hapana. Bikira ni mtu ambaye hajawahi kufanya ngono, basi. Ule utando mwembamba ulioko ukeni unatofautiana kati ya msichana na msichana. Wengine wanazaliwa nao kidogo sana, na unaweza kutanuka au kuchanika kidogo kwa michezo au kazi za kawaida. Hakuna mtu anayeweza kuutazama akajua msichana amefanya ngono au hajafanya. Usimnyime dada yako baiskeli kwa sababu ya hadithi hiyo.

Kiti cha baiskeli kinaharibu nguvu za kiume?

Ukikaa muda mrefu kwenye kiti kibaya utasikia ganzi. Ni mishipa iliyobanwa. Simama kwenye pedeli kila baada ya dakika chache, rekebisha kiti kisielekee juu, vaa kaptula isiyo na mishono mikubwa. Ganzi ikiendelea kwa siku kadhaa, mwone daktari. Kwa safari zako za kawaida ondoa shaka.

Nikiwa kwenye siku zangu naweza kuogelea na kukimbia?

Kukimbia na kuendesha, ndiyo, na kwa wasichana wengi mazoezi hupunguza maumivu ya tumbo. Kuogelea pia hakukudhuru, ila pedi haifai majini kwani inajaa maji. Wanaotumia tamponi au kikombe cha hedhi huogelea bila shida. Kama huna, siku hizo fanya mazoezi ya nchi kavu. Si ugonjwa, na si uchafu.

Dini na wazazi hawaruhusu nivae nguo ya kuogelea.

Nguo ya kuogelea si lazima iache mwili wazi. Dunia iliona picha zilizopigwa mwaka 2016 za wasichana wa Nungwi, Zanzibar, wakijifunza kuogelea na kuokoa wenzao kupitia mradi wa Panje, wakiwa wamevaa mavazi marefu ya kuogelea kuanzia kichwani. Mwalimu wa kike, vazi la stara, muda wa wasichana peke yao: waeleze wazazi hivyo. Mama anayekataa mashindano huenda akakubali akisikia kwamba unajifunza usife maji.

Nimeze dawa ya maumivu kabla ya mbio?

Usithubutu. Dawa kama diklofenaki na ibuprofeni, ukizichanganya na jasho na upungufu wa maji mwilini, zinaweza kuumiza figo. Isitoshe, maumivu ni taarifa. Ukiyanyamazisha hutajua lini usimame.

Mimi nina selimundu. Je, niache michezo?

Usiache wala usianze bila daktari wako. Mwenye selimundu, pumu, kifafa au tatizo la moyo azungumze kwanza na kliniki anakotibiwa. Wengi wanaweza kucheza kwa kiasi. Mwenye kifafa asiingie majini bila mtu mzima anayejua kuokoa karibu yake. Na yeyote aliyewahi kuzirai katikati ya mazoezi, au ambaye ndugu yake wa karibu alikufa ghafla akiwa kijana, apimwe moyo kwanza.

ANZA HIVI

Huna haja ya kusubiri mashindano. Hii ni njia ya wiki kumi kwa kijana anayeanza:

Wiki ya 1 hadi ya 4: Kimbia na kutembea kwa zamu dakika 20, mara tatu kwa wiki. Siku moja endesha baiskeli dakika 30. Na wakati huo huo tafuta mwalimu wa kuogelea. Jipangeni kikundi cha shule mkachangie gharama ya bwawa, au muombe mwalimu wa michezo awatafutie. Lengo la kwanza si mtindo mzuri. Ni kuelea chali kwa dakika mbili bila hofu.

Wiki ya 5 hadi ya 8: Kimbia kilomita 3 bila kusimama. Endesha dakika 45. Siku moja kwa wiki unganisha: endesha dakika 20, shuka, kimbia dakika 10. Hapo utaijua ile miguu ya mbao mapema. Majini, fanya mazoezi ya kupuliza na kuogelea vipande vifupi.

Wiki ya 9 na ya 10: Pimeni mbio ndogo wenyewe. Ambao bado hawajui kuogelea wafanye mbio mbili: kukimbia, kuendesha, kukimbia tena. Ni mchezo kamili, una mashindano yake duniani, na hakuna anayehatarisha maisha.

Siku ya kuamkia mbio kula wali na maharage, ugali au viazi. Asubuhi, saa mbili au tatu kabla, chai na mihogo ya kuchemsha au mkate. Si siku ya kujaribu chakula kipya.

Nawaombeni jambo moja kabla hamjafunga gazeti hili. Mwisho wa wiki mtakwenda Coco Beach au Kigamboni na washikaji. Mmoja ataingia majini, atawaita, na asiyeingia ataambiwa ni mwoga. Usiingie kwa sababu mwenzako kaingia. Ingia kwa sababu umefundishwa, kuna mtu anayekuangalia, na unajua kina cha pale unapokanyaga. Asiyejua abaki mchangani, dumu tupu likiwa karibu, macho kwa wenzake. Na Jumatatu mwende kwa mwalimu wa michezo mkamuulize: "Mwalimu, sisi tutajifunza lini kuogelea?" Akisema hakuna bajeti, mkamuulize tena wiki inayofuata.